Bi. Zipora Magesa, Aliyekalia Pipa la Harusi

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Zipora Magesa, Afisa Mazingira wa halmashauri yetu, anakabidhi ofisi na kustaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na mmoja. Wengi wetu tunamwita Mama Mageni, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mhariri wa jarida hili la watumishi ameniomba nisimulie safari yake ya kazi kwa furaha, nami nitajitahidi. Lakini siwezi kuanza bila kusema jambo ambalo mwenyewe amekuwa akilisema vikaoni bila kuona haya: Mama Mageni ni mwoga.

Alizaliwa Shinyanga vijijini, akasomea afya ya mazingira, akaajiriwa mwaka 1994 na kupelekwa upande wa Ushetu, kwa wakulima wa tumbaku. Wanaomkumbuka huko wanasimulia kwamba siku yake ya kwanza kijijini fahali mmoja alimtazama vibaya, naye akapanda juu ya tela la trekta na kuendesha mkutano mzima akiwa huko juu. Hakushuka mpaka ng'ombe walipoondolewa. Kipaza sauti nacho kilimtisha. Bodaboda hajapanda hata leo.

Ipo hofu yake moja, hata hivyo, ambayo hakuna aliyeicheka kwa muda mrefu. Huko huko Ushetu alimkuta mama mmoja anachota maji ya kunywa kwa kopo lililokuwa la dawa ya wadudu. Kopo lilikuwa limeoshwa, linang'aa. Tangu siku hiyo Mama Mageni hakuweza kuona chombo kitupu bila kujiuliza kilibeba nini kabla. Akikaribishwa maji nyumbani kwa mtu, anauliza kwanza ndoo ilinunuliwa wapi. Wapo wenyeji walionuna.

Alipohamishiwa kwetu, kwenye ukanda wa dhahabu, aliukuta mji wa Katoro umeelemewa na vifungashio. Chupa za maji na soda zilikuwa zimeziba mitaro ya soko, na mvua ikinyesha maji machafu yaliingia mpaka madukani. Faini zilitozwa, chupa zikaendelea kuja. Yeye akaleta wazo ambalo wengi tuliliona kuwa ni la mtu mwoga kwelikweli. Alitaka kwenda kuwaomba wenye biashara.

Wa kwanza kuombwa alikuwa Bwana Jafferali, muuzaji wa jumla ambaye familia yake imekuwa na duka mjini tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mama Mageni alikaa mbele ya kaunta yake, akakataa soda, akasema, "Malori yako yanakuja yamejaa na yanarudi matupu. Kwa nini yasirudi na chupa?"

Jafferali alicheka. "Mama Mageni, nani ananilazimisha?"

"Hakuna," alijibu. "Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu."

Jafferali akakubali, kisha akawashawishi wenzake, na wenzake wakavifikishia viwanda vya vinywaji ujumbe. Ndivyo yalivyozaliwa makubaliano yetu ya hiari. Wenye maduka wanapokea vifungashio vitupu. Viwanda vinavichukua, na vimepunguza nailoni za kufungia katoni na kutumia kreti zinazorudi. Halmashauri inatoa eneo la kukusanyia na ulinzi. Sharti aliloling'ang'ania Mama Mageni lilikuwa hili: atakayeteleza aseme mwenyewe mapema, na atakayesema atasaidiwa kwanza, maswali yatafuata baadaye. Mitaro ya soko ikapumua. Wageni wakaanza kuja kujifunza kwetu, na picha zikapigwa.

Baadaye wamiliki wa mitambo ya kuchenjulia dhahabu nao wakajiunga. Waliahidi kwamba mapipa yaliyobeba sayanaidi hayatatoka getini kwao ila kwa kurudishwa kwa waliowauzia. Sayanaidi ndiyo sumu inayotenga dhahabu na mchanga. Vumbi lake likibaki kwenye maungio ya pipa linaweza kuua. Na pipa lenyewe linavutia. Ni la chuma, gumu, lina mfuniko wake. Hakuna nyumba isiyolitamani kwa maji.

Sisi tulishangilia. Mama Mageni akaanza kukosa usingizi. "Wameahidi kwa hiari," aliniambia siku moja tukiwa njiani kutoka ukaguzi. "Hiari inaweza kuisha asubuhi yoyote, Davis, na mimi nisijue."

Asubuhi hiyo ilifika katika kiangazi cha mwaka 2022. Simu yake iliita tukiwa ofisini. Alikuwa Bwana Kaushik, mwenye mtambo nje kidogo ya mji. Mama Mageni aliweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Mama, mapipa matatu hayapo," Kaushik alisema. Alikuwa akihema. "Mlinzi ameyauza mnadani Katoro. Ameshakimbia."

"Yalikuwa yamesafishwa?"

"Hapana."

Kaushik akaongeza, "Ningeweza kunyamaza."

"Najua," Mama Mageni alijibu. "Asante kwa kutonyamaza. Kaa karibu na simu."

Alitoa taarifa kwa mkurugenzi na polisi, akaomba wataalamu wa kemikali waitwe, kisha tukaondoka, yeye, mimi na dereva wetu Nasibu. Huko mnadani muuza mitumba ya vyombo aliyeyanunua mapipa kwa mlinzi alikuwa bado yupo. Pipa la kwanza alikuwa amemwuzia fundi wa gereji jirani, na tulilikuta limejaa oili chafu. Sijawahi kufurahia oili chafu namna ile. La pili lilichukuliwa na mzee mmoja aitwaye Bujiku, wa kijiji kilicho mbele ya Runzewe, aliyekuwa akimwoza binti yake. La tatu alilinunua mwanamke asiyemfahamu.

"Mwanamke wa namna gani?" Mama Mageni alimwuliza.

"Mama, mnadani wanakuja wanawake wangapi?"

"Na harusi ya Mzee Bujiku ni lini?"

"Si leo?"

Kwa kawaida Nasibu akizidisha mwendo kidogo tu, Mama Mageni humgonga begani. Siku hiyo, barabara nzima ya kwenda Runzewe, alisema neno moja tu: "Ongeza." Alirudia kila tulipopita lori. Mimi nilikuwa nikitazama pembeni mwa barabara, na kila nilipoona watu wamekusanyika nilidhani ni msiba.

Kwa Mzee Bujiku tulisikia nyimbo kabla ya kuona nyumba. Turubai lilikuwa limefungwa, masufuria yanachemka, wageni wameanza kukaa. Kando ya zizi wanaume wawili walikuwa wakichuna ndama aliyekufa asubuhi ile. Na kwenye kivuli cha nyumba lilisimama pipa, limejaa maji mpaka juu, vikombe vimepangwa juu ya mfuniko wake.

Mama Mageni alipiga goti mbele ya mzee. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmefika kwa wakati."

"Baba, yule ndama amekufa kwa nini?"

"Nyoka, nadhani. Alikunywa maji, akatetemeka, akaanguka."

"Maji gani?"

Mzee alionyesha kwa fimbo beseni lililokuwa zizini. Ndani yake walikuwa wamemwaga maji waliyooshea pipa.

Mama Mageni alimweleza taratibu, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, kwamba pipa lile lilibeba sumu ya mgodini, kwamba maji yale yasiguswe na nyama ile isiliwe. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukabadilika. "Wanawake wa nyumba hii wamelisugua kwa mchanga na majivu. Unakuja siku ya harusi ya mwanangu, mbele ya wakwe, kusema tunawanywesha watu sumu?"

Chini ya turubai mtu akasema kwa sauti kwamba serikali imelitamani pipa. Wengine wakacheka. Kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

Sasa nieleze nilichokiona, maana yeye mwenyewe hapendi kukisimulia. Mwanamke huyu anayeogopa fahali na kipaza sauti alivifagia vikombe vyote kwa mkono, vikaanguka chini, akakaa juu ya mfuniko wa pipa kwa gauni lake la ofisini. "Anayetaka maji haya," alisema, "anitoe mimi kwanza."

Nyimbo zilikatika. Wanaume walisimama, baadhi na fimbo zao. Nasibu na mimi tulisogea tukasimama kila mmoja upande wake, nami nilisikia meno ya Mama Mageni yakigongana. Mmoja alimshika mkono akamvuta. Hakutoka.

"Davis," alisema bila kunitazama, "mpigie Kaushik. Mwambie aje hapa."

"Atakuja?"

"Sijui."

Nilipiga. Kaushik aliuliza wako watu wangapi, nikamwambia ni harusi. Simu ikakatika.

Wakati tunasubiri, mke wa mtoto wa mzee, Martina, aliyekuwa amechota yale maji na kuyaonja muda mfupi kabla ya sisi kufika, alijishika kichwa akakaa chini ukutani. Kisha akatapika. Mama Mageni alipiga kelele abebwe haraka. Nasibu akamkimbiza kituo cha afya kwa gari letu, nasi tukabaki pale bila gari. Hapo watu waligawanyika. Wengine walianza kuliogopa pipa. Wengine walisema balaa limeingia na wageni hawa, kwamba kabla hatujafika Martina alikuwa mzima. Niliona mawe mikononi.

Kaushik alikuja. Alikuja peke yake, akaegesha mbali, akapita katikati ya watu akiwa amenyoosha mikono ili waione. Alisimama mbele ya Mzee Bujiku.

"Shikamoo, mzee. Pipa hilo limetoka kwenye mtambo wangu. Lilibeba sumu, na lilitoka kwa uzembe wangu. Huyu mama anasema kweli. Wa kulaumiwa ni mimi."

Mtu alimpiga kofi, miwani ikaruka. Wengine wakamsogelea. Mzee Bujiku aliinua fimbo, nao wakasimama.

"Nani amekushika ukaja kusema haya?" mzee aliuliza.

"Hakuna."

"Polisi?"

"Hakuna aliyenishika, mzee."

Mzee akageuka, akatazama zizini. Akawaambia wale wachunaji waweke visu chini. Akaagiza kila aliyeonja maji ya pipa ajitokeze, na hakujitokeza mtu. Kwa rehema za Mungu wageni walikuwa wameanza na chai, nayo pamoja na chakula vilikuwa vimepikwa kwa maji ya kisimani. Kisha akamgeukia Mama Mageni, ambaye bado alikuwa amekaa, na kumwambia, "Wabeja, mayu." Asante, mama. Ndipo Mama Mageni alipoanza kulia, na hakuteremka mpaka wataalamu walipofika na glavu na barakoa zao.

Harusi ilifungwa alasiri hiyo kwa maji ya chupa aliyoyaleta Jafferali kwa lori lake. Napenda kuongeza, kwa ajili ya wanaotunza takwimu zetu, kwamba chupa zote zilirudi.

Martina alipona, ingawa kwa siku kadhaa hakuna daktari aliyetaka kutuahidi hivyo, na Mama Mageni alishinda kwenye benchi la wodi kama ndugu wa mgonjwa. Mtambo wa Kaushik ulifungwa. Wenye mitambo wengine wakaanza kunong'onezana: kumbe ukisema unafungiwa. Wawili walituma ujumbe kwamba wanajitoa. Kwenye kikao cha madiwani wengi walitaka Kaushik asifungue tena kamwe, na kusema kweli hasira yao ilikuwa na sababu. Mama Mageni aliomba nafasi. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi naogopa kuliko ninyi nyote," alisema. "Mkimvunja huyu aliyesema, pipa lijalo hakuna atakayetupigia simu. Habari tutazipata msibani."

Kikao kilimsikiliza. Kaushik aligharimia matibabu, akamlipa mzee ndama wake, akajenga stoo yenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ukiwa kwetu, na akaruhusiwa kufungua mtambo chini ya uangalizi. Tangu hapo mapipa yote ya ukanda wetu yanatobolewa na kupondwa ndani ya geti, mbele ya mwenye mtambo na afisa wetu, kabla ya kurudishwa. Wale wawili hawakujitoa, na kutoka Runzewe wamejiunga wengine. Hakuna sheria iliyowasukuma. Waliona mtu amesema ukweli na bado yuko kazini.

Lakini pipa la tatu hatujalipata.

Tulitangaza makanisani, misikitini na minadani. Mama Mageni alipita kaya baada ya kaya, akaangalia nyuma ya nyumba, jikoni, kwenye vilabu vya pombe. Huenda lilishapondwa na wauza vyuma chakavu. Huenda limesimama mahali, limejaa nafaka, au maji. Wiki iliyopita, akiwa kwenye ziara yake ya mwisho, alimsimamisha Nasibu ghafla kwa sababu ya kitu cha chuma alichokiona uani kwa watu. Kilikuwa tanki la mafuta la pikipiki. Alirudi kwenye gari akasema, "Mtaendelea kuangalia, si ndiyo?" Tukasema ndiyo. Akauliza tena.

Ndiyo, Mama Mageni. Kwa niaba ya watumishi wote, ya wafanyabiashara waliokupa neno lao na ya akina Martina wasiojua walikikaribia kifo kiasi gani, tunakushukuru. Miaka yote hii ulikuwa ukiogopa kwa niaba yetu. Kuanzia Julai kazi hiyo ni yetu, na mimi ninayekaa kwenye kiti chako nimeshaanza kuifanya. Rudi nyumbani Shinyanga kwa Mageni na wajukuu. Mungu akujalie afya, miaka mingi, na usingizi mzito.

Davis Lutonja
Kitengo cha Mazingira