Ami Shukri na Mlango Uliobaki Mtoni

Bwana Shukri Bahgat, fundi mkuu wa mashine za kusafisha damu katika hospitali yetu hapa Aleksandria, amestaafu rasmi tarehe 30 Septemba 2024, baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na saba. Kamati ya sherehe imeniomba ukurasa wa kuchangamsha, wenye picha yake akitabasamu. Picha imepatikana. Kuhusu kuchangamsha nitajitahidi, ingawa kitengo chetu si mahali pa vichekesho, na wenyewe mnajua watu wetu huondokaje.

Alipoajiriwa mwaka 1987 tulikuwa na mashine mbili, zote za msaada, na maelekezo yake yameandikwa Kijerumani. Shukri alizifungua, akazichora kwa penseli, akazifunga, zikafanya kazi. Tangu hapo kila mashine iliyoingia chumba kile imepita mikononi mwake kabla ya kumgusa mgonjwa. Lakini maji ndiyo yaliyomkosesha usingizi. Maji ya bomba ya mji huu yakibadilika ladha kiangazi, nyie mnalalamikia chai. Yeye alikuwa anahamia kwenye chumba cha matangi na godoro lake, kwa sababu maji yakikosewa kule hakiharibiki kikombe cha chai, anakufa mtu. Kwa miaka yote hiyo hatujampoteza hata mmoja kwa kosa la maji. Tumewapoteza kwa mengine, na ni wengi.

Kazi yake ya pili hakuajiriwa na mtu. Anakusanya filamu. Si zile za usiku wa Alhamisi zenye harusi na makofi, bali za zamani, nyeusi na nyeupe, na zile ngumu ambazo watu hukaa mezani wakatazamana mpaka supu ikapoa, kutoka nchi ambazo wengi wetu tunazijua kwa mpira tu. Ana kanda za video na ana diski, na hakuna kitu kilichouzwa na familia inayohama mji huu ambacho hakwenda kukipekua. Kituo kimoja cha utamaduni cha kigeni kilipofungwa na kanda zake kutupwa barabarani, alikodi mkokoteni wa muuza viazi akazichukua zote. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwa koti lake alizifunika kanda, yeye akaugua mafua wiki nzima.

Adui yake ni unyevu wa bahari. Kanda ikikaa vibaya majira mawili ya baridi huota ukungu mweupe ndani, na ukiitia hivyo hivyo kwenye deki unaua kanda na deki pia. Shukri huifungua kwa bisibisi, akauvuta utepe kidogo kidogo kwenye kitambaa laini, huku amevaa barakoa, barazani kwake, kanda nzima mwanzo hadi mwisho. Mkewe, Bi Samiha, alishatuambia hapa kazini bila kunong'ona: "Mchele wangu unalala sakafuni, kanda zake zinalala kabatini. Siku nikifa atanifunga kwenye nailoni, aniandike jina ubavuni."

Juu ya mlango wa chumba chao cha kulala kuna rafu ambayo hata Bi Samiha haruhusiwi kuipangusa. Hapo Shukri aliweka filamu alizozisaka kwa miaka na ambazo hajazitazama. Wakusanyaji wana ugonjwa huo, wakikipata kitu wanaogopa kukimaliza. "Hizo za uzeeni," alikuwa akituambia. "Nikistaafu nitanyoosha miguu, nitaanza na ya kwanza kushoto." Tulikuwa tunamcheka. Kila mtu hapa ana kitu anachokisubirisha mpaka astaafu.

Deki aliileta kitengoni mwaka 1994. Mgonjwa wetu hukaa kitini saa nne, mara tatu kwa wiki, amefungwa kwa mirija miwili, na televisheni ya hospitali ilikuwa inawaonyesha mapishi watu waliokatazwa nyanya, ndizi na hata glasi ya pili ya maji. Shukri alisema ule ni ukatili. Akaweka filamu moja ya theluji, mtu anatembea, anatembea, hasemi. Haji Dusuki wa kiti cha tano, dereva wa tramu mstaafu, aliyekuja kwetu miaka mingi baadaye, aliikuta ile filamu bado inazunguka na akasema maneno ambayo kitengo hakijayasahau: "Wee Shukri, huyu mtu atafika lini? Mimi na tramu yangu tungekuwa tumekwenda kituo cha Ramli na kurudi, na abiria tumemgombeza!" Shukri akamjibu kwamba ana saa tatu zaidi za kukaa, basi amwache mwenzake atembee. Haji aliitazama mpaka mwisho. Angekwenda wapi?

Siwezi kuandika juu yake bila kutaja kiangazi cha 2014, umeme ulipokuwa unakatika kila siku. Siku moja umeme ulikatika na jenereta ikagoma. Wasiojua waambiwe: pampu ikisimama, damu ya mtu huganda ikiwa nje ya mwili wake. Shukri alipita kiti kwa kiti akitukabidhi mipini tuzungushe pampu kwa mkono, wauguzi, wafagizi, jamaa za wagonjwa, hata muuza magazeti aliyeingia kuulizia chenji. Kisha akaenda kwenye jenereta, na huku akiwa amelala chini yake mlango ukiwa wazi, akaendelea kuwasimulia kwa sauti kuu filamu iliyokatika. Tulikuwa tunazungusha, jasho linatutoka, na yeye anapaza sauti kutoka kule: "Sasa yule mwanamke amesimama dirishani!" Bibi mmoja akampigia kelele, "Amevaa nini?" Umeme ulirudi na wote walikuwa hai. Waliomba aendelee kusimulia.

Sasa nifike kwa Abla Inshirah, kwa sababu bila yeye wasifu huu hauna maana. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mstaafu, kiti cha sita. Filamu nyingi za Shukri zina maandishi ya Kifaransa chini ya picha, na Abla ndiye aliyekuwa akiyasoma na kuyatafsiri kwa chumba kizima, na palipomkera akiongeza maoni yake. Jumatano moja muda wa kuchomolewa mirija ulifika wakati kinyozi wa filamu ya Kicheki hajaamua kama atafunga duka lake au la. Abla akauliza, "Amefunga au hajafunga?" Shukri akasema, "Utaona Jumamosi." Abla akamtazama sana. "Basi umenikataza kufa Ijumaa. Mungu akusamehe."

Wenye kazi hii wanaelewa kwa nini hakuna aliyecheka mara moja. Wagonjwa wa zamu ile husafishwa Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Kutoka Jumatano hadi Jumamosi ni pengo refu, sumu inajaa, maji yanapanda kifuani, na wengi wetu waliotutoka walitutoka humo. Kuanzia wiki ile zamu nzima ilidai kwamba kila Jumatano filamu isimamishwe kabla ya mwisho. Daktari mmoja mgeni alisema ni upuuzi. Shukri mwenyewe hakuamini. Aliniambia, "Dada Awatif, kinachowarudisha hawa ni gari na chujio." Lakini kila Jumatano alikuwa anasimama karibu na deki, na dakika za mwisho zikifika anabonyeza.

Miaka mitano iliyopita, majira ya baridi, Abla alimwomba filamu yenye milima. Alikuwa amechoka, miguu imevimba, alisema anataka kuona mahali pa juu pasipo na lifti mbovu. Shukri hakuwa nayo. Basi akapanda kiti nyumbani kwake na kuishusha moja kutoka rafu ya uzeeni, ya kwanza kushoto, ile aliyokuwa ameiweka aanze nayo. Ilikuwa ya Kijojia, mojawapo ya zile za mkokoteni wa viazi. Ndugu wawili wanabeba mlango wa nyumba ya marehemu baba yao, wanavuka nao mlima kuupeleka kijiji kipya. Wanagombana njia nzima. Abla alisoma siku ile kwa sauti ndogo, na chumba chote kilinyamaza ili kimsikie. Ndugu wakafika mtoni, daraja halipo, wakaulaza mlango ukingoni wakakaa juu yake. Ikawa Jumatano, saa tano asubuhi. Shukri akabonyeza.

Abla Inshirah alifariki Ijumaa.

Jumamosi Shukri alikuja na kanda ileile, kwa sababu wengine walikuwa wanasubiri. Alipoitia kwenye deki Haji Dusuki akasema, "Toa hiyo."

"Haji, wenzako wanataka kujua kama mlango umevuka."

"Wakamuulize mwenyewe huko. Toa, mwanangu."

Aliitoa. Wote waliokuwa zamu ile wamekwisha kuondoka isipokuwa Haji, na hakuna aliyewahi kuona mwisho. Nilimuuliza Shukri kwa nini asiitazame kwake, amalize. Akasema, "Nani atanisomea?" Kisha akaenda kuangalia matangi.

Haya yanayofuata nayaandika kwa ruhusa yake, na ameniambia nisilainishe. Agosti iliyopita, joto la kumwaga jasho ukiwa umekaa, Shukri alikuwa anavaa shati la mikono mirefu, amefunga hadi kwenye kifundo cha mkono. Haji Dusuki akamdaka mkono alipopita. "Wee! Umeoa mke wa pili nini? Shati la harusi Agosti!" Akamminya mkono kwa utani, na vidole vyake vikaangukia palepale. Kila anayesafishwa damu kwetu ana mshipa mkononi uliounganishwa kwa upasuaji, na ukiugusa unanguruma chini ya ngozi kama paka aliyeshiba. Haji anao wake. Hahitaji kuelezwa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Julai waliuunganisha."

"Figo ipi?"

"Zote mbili, Haji. Sukari haikubagua."

Haji aliushika ule mkono asiuachie, akajinyonganyonga kitini mpaka mrija wake ukabanwa na mashine ikaanza kulia. Na aliyekwenda kuinyamazisha ni Shukri, kwa mkono ule mwingine. Mimi nilitoka nikaenda kusimama kwenye chumba cha shuka.

Nina hasira na sijui niipeleke wapi. Mtu amewalindia watu maji yao miaka thelathini na saba, na yake mwenyewe yakamharibikia ndani. Kupandikizwa figo hakuwezekani kwake, moyo hauruhusu, tumeuliza kote. Wapo waliompa pongezi wiki hii kwa kumwambia kwamba sasa atapata muda wa filamu zake. Ni kweli ameupata. Saa nne, mara tatu kwa wiki, zamu ya asubuhi. Kiti kilichokuwa wazi ni cha sita. Tangu Abla wamekikalia wengine wawili, na wote hawapo.

Mashine ya kiti hicho ameikagua mwenyewe wiki iliyopita. Ameikagua mara mbili, na mara ya pili sikumuuliza. Alipomaliza akatoa kwenye mfuko wa plastiki ile kanda ya Kijojia, akaniomba nikaiweke kabatini pakavu. Ukungu ulikuwa umerudi, ameipangusa upya, lakini sehemu ya baada ya mto hajaijaribu.

"Na kama ukungu umeula mwisho?" nikamuuliza.

"Basi tutatazama ukungu, wote pamoja."

Tumekubaliana hivi. Jumamosi tarehe 5 Oktoba anaanza. Siku mbili za kwanza ataumwa kichwa kama wote, tutamwekea kitu chepesi. Jumatano tutaweka mlango, kutoka mwanzo. Kifaransa nitasoma mimi, Kifaransa cha masista wa shule, na Haji ameshatishia kunizomea. Ndugu wakifika mtoni nitabonyeza. Shukri ndiye aliyenifundisha kitufe kipi, na ndiye aliyetaka iwe hivyo, yeye asiyeamini. Alipokuwa ananiomba alikuwa anatazama sakafu.

Ami Shukri, kwa niaba ya wauguzi, mafundi, wafagizi na wote waliokaa kwenye vile viti, walio hai na wasiokuwepo, asante kwa maji. Asante kwa yule mtu wa theluji, na kwa sauti yako kutoka chini ya jenereta. Hotuba za leo zitakutakia mapumziko marefu, nakuomba uzisamehe, wanaozisema wanakupenda. Sisi wa kitengo tunakutakia Jumamosi ile ya baada ya mto. Ukishatuletea hiyo, tutakutakia nyingine.

Awatif Mikhail
Muuguzi mkuu, kitengo cha kusafisha damu