Funguo za Pikapu

Imamu mstaafu alikuwa akivuta tasbihi ndani ya basi, lakini masikio yake yalikwisha kuhamia kiti cha mbele.

"Dada, mumeo asinunue pikapu," seremala alimwambia muuguzi aliyeketi naye. "Yangu ina viti viwili, nyumbani tuko saba. Mama mkwe alikaa nyuma juu ya mbao, akafika harusini kama aliyefufuliwa."

"Si inabeba mizigo, kaka?"

"Ya nani? Kutwa makabati ya majirani! Hata leo nimeiacha nyumbani, maana kuitoa tu ni kupakiwa godoro. Mke wangu kasema niiuze ama nihamie humo. Mnunuzi ananingoja kituo kijacho. Nampa funguo, nipumzike."

Imamu akayakumbuka majeneza aliyoyasindikiza kwa magari ya namna hiyo. Hakuna aliyewahi kuuliza yana viti vingapi.

Simu ya seremala ikalia. Jirani aliomba pikapu: alikuwa na mama aliyepooza, ameruhusiwa kutoka hospitali, naye hawezi kuketi, sharti alazwe.

"Saa ngapi?" seremala aliuliza kwa uchovu.

Basi likasimama. Seremala akainuka, funguo mkononi, akaganda mlangoni.

"Fundi, unashuka au hushuki?" akafoka kondakta.