Ufunguo wa Pili wa Mama Wino

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Wino atafunga maktaba kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia shule yetu miaka thelathini na sita na miezi minne. Sisi tulio shuleni sasa tunamjua kama mkutubi. Wazazi wetu waliosoma hapa wanamkumbuka kama mchapaji, na mpishi mkuu, ambaye naye hayuko mbali na kustaafu, bado anamwita msichana wa vitunguu. Wote wako sahihi. Klabu ya gazeti ilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, tulikabidhiwa fomu ya ofisi yenye mstari mmoja tu ulioandikwa "Kazi". Mstari haukutosha, tukaomba karatasi.

Msomaji anapaswa kujua jambo moja mapema, maana bila hilo mengine hayataeleweka vizuri. Mama Wino aliacha masomo nusu. Alikomea kidato cha pili, mama yake alipougua na wadogo zake wanne wakahitaji mtu wa kuwaangalia. Mtihani wa kidato cha nne hakuwahi kuufanya, ingawa hakuna mtu katika shule hii aliyeubeba mikononi mara nyingi kuliko yeye.

Alianza na ufagio. Alikuwa na miaka ishirini na minne alipoajiriwa kufagia madarasa sita ya jengo la mbele. Ufagio alikuja nao kutoka nyumbani, kwa sababu ule wa shule, kwa maneno yake, ulikuwa unahamisha vumbi tu. Malalamiko yalikuwa kwamba anachelewa kumaliza. Sababu ilijulikana baadaye. Alikuwa hafuti ubao kabla ya kusoma kila kitu kilichoandikwa, na ubao wa hesabu ulimchukua muda mrefu kuliko mingine.

Akahamishiwa jikoni, ambako alimenya vitunguu kwa miaka miwili. Siku hizo chumvi na majani ya chai vilikuja vimefungwa kwenye kurasa za magazeti. Mama Wino alizikunjua, akazinyoosha kwa kiganja na kuzisoma, huku sufuria ikiungua nyuma yake. Mpishi mkuu anakumbuka alivyomwambia: "Dada yangu, gazeti hilo limekuja na chumvi. Chumvi ndiyo yetu." Alipounguza sufuria ya tatu, mpishi mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi ofisini, ya utarishi. Anasema hakufanya hivyo kwa hasira. Alimwona ni mtu aliyewekwa chumba kisicho chake.

Kama tarishi alibeba mafaili na barua, na kati ya safari moja na nyingine alisimama nyuma ya karani akitazama vidole vyake kwenye taipureta. Nyumbani hakuwa na taipureta. Akachora herufi zote kwenye kipande cha boksi, kwa mpangilio uleule, na kila mchana baada ya kula akawa anapiga chapa juu ya boksi. Vidole vilienda, sauti hakuna. Mlinzi wa getini alimtazama wiki nzima akidhani anasali.

Karani alipokwenda likizo ya uzazi, ofisi ilihangaika kutafuta mtu. Tarishi akasema yeye anaweza. Mkuu wa shule wa wakati ule akamuuliza amejifunza lini, naye akajibu, "Wakati wa chakula cha mchana." Akaketi, akachapa barua nzima kwa makosa mawili. Hakurudi tena kwenye utarishi.

Miaka ishirini na mmoja iliyofuata aliimaliza katika chumba kidogo kando ya ofisi, chenye dirisha lililobandikwa karatasi ili mtu asichungulie. Humo ndimo alimochapa mitihani yote ya shule. Kwa wasioijua kazi hiyo: swali lilichapwa kwanza kwenye stensili, karatasi laini yenye nta, kisha stensili ikavishwa kwenye mashine ya kurudufu, na mashine ikazungushwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Wino uliingia kwenye kucha na haukutoka hata kwa mafuta ya taa, ndipo alipopata jina lake. Nakala zilizoharibika alizihesabu, akazichoma kwenye pipa nyuma ya jengo, na hakuondoka mpaka zimekuwa majivu. Aliwahi kutuambia kwamba anayajua maswali yote ya miaka ishirini na mmoja. Kinachomshinda ni majibu.

Kosa lake kubwa alilifanya humo. Mwalimu wa jiografia alimletea ramani ya bonde lenye mto, reli na kiwanda, ili ainakili kwenye stensili kwa kalamu ya chuma. Aliiweka ramani kifudifudi bila kugundua, mistari ikionekana kwa nyuma, akanakili kila kitu kwa uangalifu mkubwa. Kilichokuwa kulia kikawa kushoto. Wanafunzi mia moja na kumi na wanane wakajibu kwa jinsi walivyoiona, na mwalimu akasahihisha kwa ramani aliyokuwa nayo kichwani. Karibu wote walianguka.

Hakuna aliyejua. Mwalimu alikuwa tayari amelisema darasa zima kwa uvivu. Lakini Mama Wino alipokuwa akiweka nakala ya kumbukumbu kwenye faili, karatasi ilipita mbele ya mwanga wa mlangoni, akaiona upande wa nyuma, na upande wa nyuma ndio uliokuwa sahihi. Angeweza kuifungia ndani ya faili. Akaenda nayo chumba cha walimu, mbele ya wote, akaishika juu ili kila mtu aone.

"Mama Wino, umenihamishia mto," mwalimu wa jiografia akasema.

"Nimeuhamisha, mwalimu. Na watoto wameufuata huko huko ulikokwenda. Wape haki yao."

Karatasi zote zilisahihishwa upya. Mmoja wa watoto hao, aliyekuwa amepewa alama nne kati ya ishirini akapanda hadi kumi na saba, ndiye mkuu wetu wa shule wa leo. Ametuomba tuiandike habari hii, na alama zake tuzitaje.

Kompyuta ilipokuja, chumba cha wino kilifungwa, naye akahamia maktaba. Miaka kumi sasa amekuwa akitugombeza kwa kukunja pembe za kurasa. Lakini kazi moja haikumwacha popote alipohamishwa. Kabati la chuma linalotunza bahasha za mtihani wa kidato cha nne lina makufuli mawili. Ufunguo mmoja hukaa kwa mkuu wa shule, wa pili kwa Mama Wino, kwenye kamba shingoni. Katika picha ya harusi ya binti yake, iliyo juu ya meza ya maktaba, ufunguo unaonekana wazi kati ya shanga. Binti yake alimsihi auvue kwa siku moja tu. Akamjibu, "Mwanangu, wewe unaolewa, kabati haliolewi."

Ufunguo huohuo ndio uliomzuia. Kanuni inasema mtu anayetunza mitihani haruhusiwi kuifanya, hapa wala kituo kingine, kwa kuwa karatasi ni zilezile. Mara tatu, kwa wakuu watatu tofauti, aliomba ufunguo akabidhiwe mtu mwingine ili yeye ajiandikishe. Mara tatu akajibiwa kwamba hakuna mwingine anayeaminika kiasi hicho. Ni sifa nzuri, na sisi tuliposikia tulifurahi kwa niaba yake. Hatukuelewa kwa nini yeye aliisimulia bila kutabasamu.

Kila Novemba, kwa hiyo, aliishia mlangoni. Siku moja kabla ya mtihani aliingia ukumbini na wasichana wachache wa kidato cha tatu, akabandika namba kwenye madawati, kisha akatufundisha kulitikisa kila dawati mara mbili: mara ya kwanza kwa mkono, mara ya pili kwa kiwiko, kama mtu anayeandika. Dawati likiyumba, tunakunja karatasi na kuiweka chini ya mguu. Alisema mtu aliyesoma miaka minne asiangushwe na mguu wa dawati. Asubuhi yake aliwahesabu watahiniwa wakiingia, mlango ukafungwa, naye akabaki nje.

Mwezi Mei mkuu wa shule alimwomba abaki miaka miwili zaidi kwa mkataba, kwa ajili ya kabati. Tulitamani akubali, na tuliandika barua ya kumsihi, majina arobaini na moja. Leo tunaona haya kidogo kwa barua ile. Aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Asubuhi alipita ofisini, akavua kamba shingoni mbele ya mkuu na karani, akaiweka mezani.

"Sasa, mama, huu nimwachie nani?" mkuu akauliza.

"Mwachie mtu asiye na mtihani, mwanangu. Mimi ninao."

Karani anasema mkuu alifungua droo na kumtolea fomu ya mtahiniwa wa kujitegemea. Ilikuwa imeshapigwa muhuri. Ilibaki kujazwa jina tu.

Mama Wino, asante kwa ubao uliousoma kabla ya kuufuta, kwa mto ulioukiri, na kwa kila Novemba uliyobaki nje ili sisi tuwe ndani. Hesabu bado inakusumbua, umetuambia mwenyewe, hasa maumbo; saa tisa alasiri maktaba iko wazi na wapo wa kukaa nawe. Tunakuombea pumziko jema, ingawa tunajua litaanza Desemba. Novemba hatutakuamkia kwa sauti kwenye foleni, kama ulivyotuonya. Ila dawati lako tumeshakubaliana nani atalitikisa. Mara mbili, ya pili kwa kiwiko.