Mabua ya Nyumba ya Vioo

Mkobani mwa Mama Pacha mlikuwa na fomu ya kituo cha utafiti. Akitia sahihi, shamba lake lote lingepandwa mahindi mapya. Na hapo kitini mbele yake, ndani ya treni, mtaalamu mwenye miwani alikuwa akiyasifu mahindi hayohayo kana kwamba ameyazaa yeye.

"Tumebadilisha sukari kwenye kuta za seli za bua, mama. Bua linakuwa laini, ng'ombe analimeng'enya upesi, maziwa yanaongezeka."

"Laini kiasi gani?"

"Hiyo ni hesabu ya kitaalamu."

"Basi nipe ya kijinga, baba. Maharage yangu hupanda juu ya bua la mahindi. Litayabeba?"

Mtaalamu alivua miwani akaifuta, ingawa Mungu alijua haina vumbi. "Kwenye majaribio hatukupanda maharage."

"Na upepo?"

"Yalikuwa ndani ya nyumba ya vioo."

"Hongera! Mmelea mwali kabatini, sasa mnakuja kumwoza kwangu akabebe kuni."

"Ninyi kila kipya mnakipinga."

"Mbona haya meno ya bandia ni mapya na nayatafunia? Maziwa nauza, baba. Maharage ndiyo wanangu wanakula. Litayabeba?"

Mtaalamu akaivua tena miwani, akaifuta.

Treni ikasimama. Mama Pacha alipoinua mkoba, fomu ikachungulia na mhuri wa kituo.

"Kumbe mama uko kwenye mradi wetu!"

"Bado," alisema, akashuka.