Neno Kwenye Barua ya Macaire

Nyuma ya chumba cha kufulia nguo, kwenye apatimenti fulani za mji wa Euless, ughaibuni, kuna benchi lililowekwa kwa wanaongojea nguo zikauke. Wakenya walilivamia zamani, wakaleta chupa ya kahawa, likawa bunge. Ijumaa hiyo alasiri Macaire, Mrundi anayepakia maboksi kwenye ghala la Grand Prairie, alifika na barua ya ofisi ya apatimenti. Aliielewa yote isipokuwa neno moja: jirani wa ghorofa ya chini amelalamika kwamba mkusanyiko wa Jumamosi iliyopita kwa Macaire ulikuwa "boisterous". Ni onyo la pili. La tatu, ahame. Na kesho watu thelathini wangekuja kwake kuondoa matanga ya mama yake.

— Soma tena, alisema Gichuki, waliyemwita Kamusi kwa kuwa hakuna neno alilowahi kukiri kwamba halijui.

Macaire akasoma.

— Hilo ni kali. Kuna "loud", hiyo ni redio. Kuna "noisy", hao ni watoto. Hii sasa ni kelele yenye mikono na miguu.

— Wapi, alisema Onyancha. Yeye ni nesi, ndiyo maana wanamwita Sista. — Kazini tuna-chart hivyo, kwenye faili, mgonjwa akianza kurusha mito. Kesho yake anafungwa kitandani.

— Sasa wananiona mwendawazimu? Macaire aliuliza kwa sauti ndogo.

— Usijali, ndugu, alisema Cheruiyot, dereva wa lori la Houston, jina lake la utani Masafa. — Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Macaire alifikiri kidogo, akaona chura ni yeye.

— Na nyote mmekosea, Masafa aliendelea. — Mimi husikia hilo neno kwa redio ya mpira. Mashabiki wakishinda, wakiimba, wakirukaruka. Ni kelele ya furaha. Wanasema ulikuwa na pati.

Hilo lilimuuma Macaire kuliko onyo lenyewe. Mama alizikwa kwao Makamba, yeye akiliangalia jeneza kwenye simu.

— Tulikuwa tunasali rozari tu, alisema. — Tunaimba, tunalia.

— Ndio hapo. Kisheria, kilio chenye wimbo ni pati, Kamusi alisema. — Kesho nong'oneni.

— Watu thelathini wakinong'ona, polisi watakuja mbio zaidi. Wapange zamu, wanne wanne, kama wodi, alisema Sista.

— Ama walie ndani ya lori langu, alisema Masafa. Ni la friji, sauti haitoki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Macaire alikaribia kukubali, kwa jinsi alivyoogopa.

Mlango wa kufulia ukafunguka, akatoka Ushindi, mama Mkongo aliyehamia juzi, na kikapu cha nguo. Alikuwa amesikia yote.

— Pole na msiba, papa. Huyo jirani alisema nini mlipomwambia mama amekufa?

Kamusi alimtazama Sista. Sista alitazama kikombe. Masafa aliinamisha chupa. Haikutoka hata tone.

Kwao Macaire, jirani huambiwa kabla ya padri. Hapa ameishi miaka minne juu ya nyumba ya yule bibi, na hata jina lake halijui.

— Hatukumwambia, alisema.

Alikunja barua, akaenda kugonga mlango wa chini. Ulipofunguliwa, Kiingereza chote alichokipanga njiani kilimtoroka, likabaki neno moja.

— Mother, alisema, akaanza kulia, polepole, asije akapiga kelele.