Risala ya Mabaharia wa Skarvøy Kuhusu Mlango Uliozibwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri Torbjørg Aasvik, mama wa ubatizo wa meli yetu. Mkurugenzi wa kampuni. Mafundi wa karakana hii ya meli. Nawe Oddny Rødskar, uliyekuja ingawa hakuna aliyekualika ila sisi:

KARIBU

Sisi mabaharia wa meli ya Skarvøy, kupitia kwa mwenzetu Eivor Kleppe, fundi wa umeme, anayewasomea, tunakukaribisha Fosnavåg kwa moyo mmoja. Pole kwa mvua. Tungekuahidi jua, lakini sisi ni watu wa Sunnmøre, pwani hii ya Norwei, na wenzetu wa kusini husema hata ahadi tunazitoa kwa kubana. Mkurugenzi alituomba risala iwe fupi na ya furaha. Ufupi tumejitahidi.

TULIKOTOKA

Skarvøy ni meli ya kazi. Hupeleka mabomba, saruji, chakula na maji kwenye mitambo ya mafuta huko Bahari ya Kaskazini, na hurudi na takataka zao. Kwa miaka mingi ilikula dizeli. Kisha karakana hii ikaibadilisha ili itumie amonia, nawe ukaja kuibatiza upya. Chupa uliyoipiga ubavuni mwake ilivunjika kwa pigo la kwanza, tukashangilia mpaka koo zikauma.

Huku kwetu mama wa ubatizo hapokei maua akaenda zake akasahau. Picha yako iko ukutani kwenye chumba chetu cha kulia, na kila Krismasi keki yako hutufikia. Kwa hiyo leo hatusemi na waziri, tunasema na mzazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

TUNAYOJIVUNIA

Asidhani mtu kwamba tumekuja kuililia dizeli. Dizeli tunaijua. Tulikuwa tukipenga kamasi nyeusi, na wavuvi walituita jiko la mkaa. Leo bomba letu halitoi masizi, na wavuvi wale wale wanatupungia mkono. Tunajua bahari hii wataihitaji na wajukuu zetu.

Wa kwanza kuyakejeli mafuta mapya alikuwa Anfinn Rødskar, fundi wetu wa pili wa mitambo. Amonia hunuka kama zizi la kondoo waliofungiwa majira yote ya baridi, na siku ya kwanza Anfinn alituuliza, "Yaani nimezeekea baharini ili niendeshe meli kwa mkojo wa kondoo?" Baada ya mwaka mmoja yeye ndiye aliyekuwa akiwatembeza wageni mitamboni, kifua mbele, akiwaambia waguse kuta waone kama vidole vitachafuka.

LILILOTUPATA

Mgeni rasmi, fundi wa dizeli akinusa mafuta huyafuata. Hufuata harufu mpaka akaliona tone, akaze nati, afute mkono. Hiyo ndiyo sifa yake. Kwa amonia, ukinusa unakimbia. Tulifundishwa hivyo kwa wiki moja darasani, na sote tuliitikia ndiyo. Lakini wiki moja haimtoi mtu mazoea ya maisha yake yote.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba iliyopita, na uji wa mchele ulikuwa mezani, kwa kuwa baharini kwetu Jumamosi ni uji hata dunia ipinduke. Anfinn na Eivor walikuwa wakipita mbele ya chumba cha kutayarishia mafuta. Kengele ilikuwa kimya, maana pua huiwahi amonia kabla ya mashine. Anfinn akasimama.

"Umeisikia?"

"Naisikia. Twende, tupige simu juu."

"Ngoja kwanza nione inatokea wapi."

"Anfinn, hiyo si dizeli, bwana wee! Toka!"

"Dada, mimi harufu nimezifuata kabla hujajua kutembea. Nenda kanipakulie uji wangu, mdalasini usinibanie."

Akaingia. Alikuwa ameshaanza kukaza nati pale kiungio cha bomba kilipoachia chote. Chumba kilijaa wingu jeupe, na katika wingu lile jicho halifunguki. Eivor alisimama mlangoni akimwita, king'ora kikaimeza sauti yake, mpaka hewa ile ikamfukuza naye.

Anfinn alikijua chumba kile kuliko kitanda chake. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma, ule aliopitia miaka yote ya dizeli. Mlango huo, mgeni rasmi, ulizibwa kwa bamba la chuma hapa hapa karakanani, kupisha mabomba mapya. Tulipoingia na vifaa vya kupumulia tulimkuta amepiga magoti mbele ya bamba lile, viganja vyote viwili juu ya chuma. Mlango uliobaki ulikuwa wazi nyuma yake. Helikopta ilimchukua akiwa ameshakufa.

Kampuni ilitangaza kwamba marehemu hakufuata taratibu. Ni kweli, hakufuata. Hatutamtetea rafiki yetu kwa uongo, na mkewe Oddny hapendi uongo. Lakini kuhusu mlango hawakusema neno. Eivor alituomba tusimwandike humu. Tumemwandika, kwa sababu hadi leo anajiuliza kama angepiga kelele zaidi, na tunataka asikie mbele ya watu wote, kwa kinywa chake mwenyewe: si wewe, Eivor. Si wewe hata kidogo.

OMBI LETU

Meli uliyoitwa kuibatiza leo, Ternøy, ni pacha wa yetu. Baadhi yetu tumehamishiwa humo. Tumeshuka tukaangalia. Mlango wake wa nyuma nao umezibwa. Tulimwambia nahodha, tukaiambia kampuni, tukaiambia karakana. Jibu lilikuwa moja: michoro imeshapitishwa, kuufungua mlango kutaichelewesha meli hadi masika, na mitambo ya mafuta haisubiri mtu.

Lakini meli ambayo haijabatizwa haiondoki bandarini, na hakuna mkurugenzi awezaye kumshika mama wa ubatizo mkono akamvunjisha chupa.

Tunaomba jambo moja tu. Kabla hujaishika chupa, shuka na Eivor hadi chumba kile. Hakuna gesi humo leo, wala king'ora. Inama penye bomba kama mtu anayekaza nati, fumba macho, geuka, kisha utafute njia ya kutoka. Ukiipata, panda juu uvunje chupa, nasi tutasafiri bila neno jingine. Usipoipata, Eivor atakushika mkono akutoe, kwa kuwa wewe utakuwa na mtu wa kukutoa.

Mungu akubariki, mama, na akutangulie kwenye ngazi, maana zinateleza.

Ni sisi watoto wako,
Mabaharia wa Skarvøy