Gitaa ya Melchior Haiingie ku Ndoa

Kwenye kona ya Mama Kaswera, muuza kahawa, hapa Butembo, kuna ubao mmoja uliong'olewa kwenye lori lililokufa, na juu yake wanakaa watu watatu ambao kazi yao ni kujua. Procureur hakusoma sheria hata siku moja, lakini anahukumu. Kilometre aliendesha lori miaka thelathini. Sasa anaendesha mdomo. Wa tatu ni mzee Melchior, wanamwita Ampli, na Alhamisi hii amekuja na gitaa lake ndani ya mfuko wa mchele, amelibana katikati ya magoti kama mgonjwa anayempeleka hospitali. Jumamosi Bénie, kitinda mimba wake, anaolewa kule Beni, commune ya Ruwenzori. Melchior anataka kumpigia wimbo mmoja tu, ule alioupiga siku alipomwoa mama yake, marehemu Adèle, mwaka sabini na nane. Taabu ni kwamba wimbo wenyewe kila mtu anaujua. Ni rock, gitaa linalia kama limekanyagwa, na tangu miaka kumi hivi radio moja ya hapa inaupiga kabla ya kusoma majina ya waliouawa huko mashambani. Leo mtu akisikia noti tatu za kwanza, anaacha kijiko ndani ya sahani na kuhesabu watoto wake. Wakwe wamesema watatuma jibu.

– Batakatala, Procureur alisema, akipuliza kahawa. Miye ningekuwa mukwe, ningekatala. Bibi-arusi anaingia, batu banaanza kuuliza maiti iko wapi.

– Hii wimbo haiko ya maiti, Melchior alisema. Ni miye niliitunga.

– Kutunga na kujua ni bintu mbili, Ampli. Ile sauti ya kulia-kulia unafikiri ilitoka kwako? Ile gitaa ilikuwa ya soldat, askari. Alikufa nayo mukononi, benzake bakakuuzishia.

– Soldat gani, Kilometre alidakia. Ile gitaa ilianguka mu ziwa, pale Kyavinyonge. Ikalala siku tatu pamoja na samaki. Kuitosha mu maji, ikawa na sauti ya mutu mwenye kuzama. Mpaka leo bavuvi ba kule bakiisikia, banarudisha mitumbwi.

– Donc na umeme ilikuwa ya samaki, Mama Kaswera alisema, akimimina.

– Mama, usicheke elimu.

Procureur hakukubali kushindwa na samaki. Aliweka kikombe chini.

– Sikilizeni. Kulikuwa muzungu wa plantation, na machine yake ya kukoboa kahawa. Bakaunga gitaa ku ile moteur. Tangu siku ile, mu kahawa yote ya Butembo muko rock kidogo. Njo maana hatulale.

– Hatulale juu ya bale benye kuua batu, Mama Kaswera alisema.

Kilometre alikuna goti. Melchior akaona nafasi yake ndiyo hii.

– Ni viazi, alisema.

– Nini?

– Haut-parleur, ile spika ya gitaa, ilitoka Luofu juu ya lori, bakapakia magunia ya viazi juu yake, ikapasuka. Ndoa ni kesho, ingine hatuna. Nikapiga tu vile. Adèle akasema inafanana na baba yake akikasirika. Batu balicheka mpaka basi.

Kilometre alitikisa kichwa kwa huruma.

– Miye nilipakia viazi ya Luofu miaka makumi tatu. Haikuimba hata siku moja. Viazi hapana, Ampli. Inaharibisha wimbo.

Melchior alimeza kahawa. Aliwahi kwenda radio, mwaka ule wa kwanza, kuwaambia kwamba wimbo ni wake na ni wa harusi. Mtangazaji alimwangalia akiwa na karatasi ya majina mkononi. Akamwambia: Papa, na jina yako tuisome?

Pikipiki ilisimama. Akashuka msichana wa miaka ishirini, kope nyekundu kwa vumbi la barabara ya Beni. Ni Débora, dada ya bwana-arusi.

– Wavukire, papa, alisalimia, akipiga goti kidogo. Mama anasema hapana. Yaya Élysée, ndugu yetu mukubwa, jina yake ilisomwa juu ya hii wimbo. Anasema akiisikia, ataanguka mbele ya bageni.

Melchior aliitika kwa kichwa. Alianza kufunga mdomo wa mfuko.

– Mais Bénie naye analia, Débora aliendelea. Anasema mama yake alikuwa anaichezaka mu jikoni. Nikamwambia mama: kama iko na namna ya kuicheza, nitajifunza, nikuonyeshe, utaamua. Akasema, sawa, onyesha. Sasa, papa, zamani, mbele ya hii mambo yote, batu balikuwa banaicheza namna gani?

Kilometre, aliyekuwapo kwenye ndoa ile ya sabini na nane, alijaribu hatua moja kwa kisigino, akaacha. Melchior alisimama. Mguu wa Adèle ndio uliotangulia, hilo alilikumbuka. Lakini upi? Alilitoa gitaa, labda vidole vingekumbusha miguu, akapiga noti tatu, bila umeme, polepole.

Ng'ambo ya barabara muuza nyanya aliacha beseni, akaanza kuita watoto wake kwa majina.

Melchior alifunika nyuzi kwa kiganja. Débora bado alikuwa anaangalia miguu ya mzee, akingoja hatua ya kwanza.